Mshono wa Wimbo: Usanifu wa Muziki wa Dansi wa Dar es Salaam

Wimbo wa dansi uliokomaa, wa aina iliyopigwa katika kumbi za Dar es Salaam kati ya mwanzo wa miaka ya 1970 na mwisho wa miaka ya 1980, una sehemu mbili zenye tabia tofauti. Ya kwanza huenda taratibu, nayo ndiyo hubeba kisa: mwimbaji anasimulia, analalamika, anaonya au anabembeleza, na vyombo vinampa nafasi ya kusikika neno kwa neno. Ya pili ni chemko: mapigo yanakolea, maneno yanapungua, magitaa yanashika uongozi, na aliyekuwa amekaa anainuka. Mazoea ya uhakiki wetu ni kuichukua sehemu ya kwanza, kuichambua maudhui, na kuiacha ya pili kwa wachezaji. Makala haya yanashika njia nyingine. Yanadai kwamba ubora wa wimbo wa dansi umo zaidi katika mshono unaoziunganisha sehemu hizo mbili, na kwamba kuzikumbuka bendi zetu kwa haki ni kukumbuka namna kila moja ilivyoushona wimbo wake.

Tuanze na masimulizi. Nafsi inayosema katika wimbo wa dansi ni nadra kusema peke yake. Karibu kila mara ina msemewa, na mara nyingi msemewa huyo ana jina. Safari Trippers wana Georgina, Dar International wana Zuwena na Mwanameka, Mlimani Park wana Neema na Edita, Vijana Jazz wana Mary Maria, Tabora Jazz wana Dada Asha. Uteuzi wa jina hapa ni suala la fani kabla ya kuwa suala la maudhui. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na majina haya yanaitii kanuni hiyo bila taabu: Zu-we-na, Mwa-na-me-ka, E-di-ta. Mtunzi anaweza kuivuta silabi yenye mkazo kadiri pumzi inavyomruhusu, kisha akaiweka silabi ya mwisho chini kwa noti fupi, na lafudhi isiumie hata kidogo. Katika Neema hali ni bora zaidi, kwa kuwa lugha yenyewe imeshazikutanisha irabu mbili za aina moja, na mvuto wa sauti unakuwa umekwisha kuanza kabla mwimbaji hajauongeza. Nidaa, ambayo katika ushairi wa maandishi hutamkwa ikapita, hapa inakuwa nguzo ya melodia: kila jina linaporudi, linarudi na kamba ileile ya sauti, na msikilizaji anajifunza wimbo kwa kujifunza jina.

Msemewa huyu huamua pia sarufi ya wimbo. Rosa Nenda Shule, wimbo wa Marijani Rajabu na Safari Trippers, unatangaza muundo wake tangu kwenye anwani: jina, kisha kitenzi cha amri, kisha mahali. Hakuna kiunganishi wala maelezo, na msikilizaji anajua mara moja kwamba amewekwa kando ya mazungumzo ya watu wawili wanaofahamiana. Barua Kutoka kwa Mama, wimbo wa Mlimani Park, unaazima utanzu wa barua, na kwa uazimaji huo unamtenga anayesikika na aliyeandika: maneno yanadaiwa kuwa ya mama, lakini yanatufikia kwa sauti za wanaume waliosimama mbele ya vipaza sauti. Utengano huu hauudhoofishi wimbo hata kidogo. Mtoto anayetamka maneno ya mama yake anayakiri anapoyatamka, na ukiri huo hauhitaji kuelezwa kwa sababu umo tayari katika mpangilio wa nafsi.

Kisha huja kiitikio, ambacho ndicho dalili ya kwanza ya mshono. Kisa ni cha mtu mmoja, ila kinaitikiwa na sauti mbili au tatu zinazopanda na kushuka sambamba, na zote zinasema "mimi". Kimantiki jambo hili ni ajabu, kwani watu watatu hawawezi kuwa wameachwa na mke mmoja. Kisanaa ndilo linalouokoa wimbo usiwe malalamiko ya faragha. Kiitikio kinamwondolea mlalamikaji upweke wa sauti kabla hajaondolewa upweke wa hali. Hapo ndipo ufundi wa mwimbaji mwenye sauti ya juu kama Hassan Rehani Bitchuka unapopimwa sawasawa: thamani yake haiishii katika uwezo wa kufika juu, bali inaonekana katika uwezo wa kuwa juu ndani ya kundi bila kulifunika.

Chini ya sauti kuna mgawanyo wa kazi ulio mkali kuliko unavyosikika kwa mara ya kwanza. Bendi iliyokamilika ilikuwa na gitaa la solo, solo la pili, ridhimu na besi, pamoja na drams, tumba na, kwa bendi zenye uwezo, saksafoni na tarumbeta. Katika masimulizi gitaa la solo huwa msikilizaji mwenye adabu: linangoja mstari uishe, kisha linaujibu kwa kifungu kifupi ambacho mara nyingi kinaiga mwinuko wa sentensi iliyotangulia. Solo la pili hushika kifungu kimoja kidogo na kukizungusha, na ridhimu hutandaza kodi katikati. Besi ndiyo yenye ujasiri mkubwa zaidi, kwa sababu hutunga kwa kuacha: noti mbili, nafasi, noti moja, nafasi, na mwili wa mchezaji ndio unaojaza pale palipoachwa wazi. Tangu mwanzo, basi, wimbo una masimulizi mawili, ya maneno na ya vyombo, na la pili limevumilia kuwa chini ya la kwanza.

Mshono ni mahali ambapo uvumilivu huo unakoma. Ninapendekeza tutofautishe mshono wazi na mshono fiche. Katika mshono wazi bendi inaukiri mpito: sauti zinanyamaza, vyombo vya kupuliza vinatoa kifungu cha pamoja ambacho hakikuwahi kusikika katika masimulizi, ngoma zinakata, na gitaa la solo linaingia na wazo jipya kabisa. Mlimani Park, ambayo ilikuwa na Michael Enoch, mpiga gitaa wa zamani wa Dar es Salaam Jazz aliyegeukia saksafoni, iliufikisha mshono wa aina hii kwenye ukamilifu mkubwa, kwa kuwa vyombo vyake vya kupuliza havikuwa pambo la juu juu. Vilifunga aya na kufungua nyingine. Katika mshono fiche hakuna tangazo. Kiitikio kinaendelea kama kawaida, lakini mwimbaji kiongozi ameshaacha kusimulia, tumba zimeshaongeza pigo moja ndani ya kila mzunguko, na msikilizaji anagundua kuwa yumo ndani ya chemko bila kuweza kuonyesha kwa kidole mahali alipoingilia. Mshono wazi humpa mchezaji ruhusa; mshono fiche humchukua kabla hajaiomba.

Chemko lenyewe ni sanaa ya takriri, na takriri hapa isichukuliwe kuwa uvivu wa utunzi. Kifungu cha gitaa kinarudi mara nyingi, na kila kinaporudi noti moja inahamishwa, au inacheleweshwa kidogo, au inapandishwa oktavu, hadi mabadiliko madogo yanajenga safari ambayo hakuna badiliko moja lingeweza kuijenga. Maneno yaliyosalia ni machache: wito kwa mpiga gitaa, sifa ya bendi, na jina la mtindo.

Jina la mtindo linastahili uangalifu, maana ndilo saini ya maandishi haya ya sauti. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi na baadaye kuitwa Juwata, ilikuwa na Msondo. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa na Sikinde. Maquis walikuwa na Kamanyola, Urafiki Jazz na Chakachua, Vijana Jazz na Pamba Moto, Western Jazz na Saboso. Msondo na Sikinde ni majina ya ngoma za pwani, na kuyachukua ni kudai kwamba chemko, hata likipigwa kwa umeme, lina nasaba ya uwanjani. Tena mtindo ulikuwa mali ya bendi, si ya mtu. Mwaka 1985 Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake walipoondoka Mlimani Park kwenda Orchestra Safari Sound, hawakwenda na Sikinde. Walianzisha Ndekule, na Sikinde ikaendelea kusikika kutoka kwa mikono iliyobaki na mikono mipya. Mwanamuziki aliyehama alilazimika kujifunza kushona upya. Huo ni ushahidi wa wazi kwamba mtindo ulikuwa kanuni ya muundo inayofundishika, yenye sheria zinazoweza kurithishwa.

Nyenzo za kurekodia nazo ziliuathiri mshono. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilikuwa na dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu uligawanywa mara mbili, na aghalabu mkato uliangukia karibu na mpito: kisa upande huu, chemko upande ule. Msikilizaji wa nyumbani aliusikia mshono kama kimya cha mkono unaogeuza santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Kazi hiyo ilifanyika Kenya, na mpaka kati ya nchi hizo ulifungwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1983. Studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam ikawa ndiyo nyumba kuu ya kurekodi, na tepu ya redio haikuwa na pande mbili za kugeuza. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, wimbo ukaenda kwa urefu wake, na mpito ukasikika mzima kama ulivyosikika ukumbini. Sidhani kuwa ni bahati tu kwamba mipangilio bora ya Sikinde ni ya miaka hiyo: utunzi ulipata chombo kilichouruhusu kupumua.

Tofauti za watunzi nazo hudhihirika zaidi tukizipimia hapa. Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro Jazz na kisha Super Volcano, alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja, hivyo kwake anayesimulia na anayejibu ni mtu yuleyule. Gitaa linamalizia sentensi ambayo koo limeianza, na mpito kwenda kwenye chemko ni uhamisho wa kauli kutoka kinywani kwenda vidoleni. Remmy Ongala na Super Matimila wanaleta swali zito zaidi. Wimbo wake Kifo unamfanya Mauti kuwa msemewa, lakini magitaa hayaombolezi. Yanang'aa na kusukuma mbele. Msikilizaji wa pupa ataona mgongano kati ya fani na maudhui. Mimi naona mantiki ya utanzu ikifikishwa mwisho wake: aliyefiwa anasema peke yake, kiitikio kinampokea, na mwendo wa pamoja unalibeba neno ambalo mtu mmoja hawezi kulibeba. Kucheza hapa ni namna ya kuhudhuria.

Ikiwa hoja hii ina uzito, basi kazi ya mhakiki inabadilika. Haitoshi kunukuu beti za nyimbo za zamani na kuzipanga chini ya vichwa vya mapenzi, ndoa na maadili, kwani beti hizo ziliandikwa zikijua kwamba chemko linakuja, na nyingi huacha kisa bila suluhisho kwa makusudi. Maneno yanauliza, vyombo ndivyo vinavyotoa jibu, na jibu lenyewe ni kwamba jambo lililomshinda mmoja linaweza kushikwa na wengi kwa mdundo mmoja. Uhakiki unaokatisha wimbo pale maneno yanapopungua unasoma swali na kulifunga daftari. Tuzisikilize tepu za Redio Tanzania hadi mwisho, tuandike mpito wa kila wimbo kwa makini yaleyale tunayoyatumia kwa vina na mizani, na tuwape Msondo, Sikinde na wenzao nafasi wanayostahili katika historia ya ujumi wa Kiswahili: nafasi ya waandishi.