Kichwa cha 8

Taipureta nyingi za zamani kutoka Uingereza zimebeba tarakimu 8 na ritifaa kwenye kichwa kimoja cha chuma: ukibonyeza hivi hivi unapata 8, ukishikilia shifti unapata ritifaa. Kwa karani wa Leicester, zilikotengenezwa taipureta za Imperial, ritifaa ni alama ya hapa na pale. Hapa Sigor (ya Chepalungu, Bomet, si ile ya Pokot Magharibi) ritifaa inachapa kazi karibu sawa na irabu, maana huku kwetu tumejaa kina Lang'at na kina Ng'eno. Kichwa hicho kikilegea, karatasi moja inaweza kupotosha ukubwa wa shamba na jina la mwenyewe kwa mpigo. Aliyewahi kuapa mbele ya wakili kwamba Langat na Lang'at ni mtu yule yule hahitaji kuelezwa zaidi.

Ndiyo sababu namhesabu fundi wa kulehemu vichwa vya herufi kuwa bingwa, ingawa kwa mbali kazi yake ni moshi kidogo na koleo. Kwanza huifunika mikono jirani inayobeba vichwa vingine kwa kitambaa kibichi, moto usiifikie. Hupasha mpaka lehemu kuukuu iyeyuke. Ule mchanganyiko wa bati na risasi huanza kuyeyuka kabla ya nyuzi 200 za Selsiasi, na akizidisha sana, chuma cha mkono hupoteza ugumu wake. Huchomoa, hukwangua, hupaka asidi ya kulehemia, hupachika. Nyuma ya kichwa kuna mfereji unaokalia ncha ya mkono, kwa hiyo lehemu ikiwa bado majimaji kichwa husogezeka juu au chini kwa unene wa unywele. Ufundi wote uko hapo, na lehemu haimngoji mtu. Mwisho huosha kwa maji yenye magadi, maana asidi iliyosahauliwa hurudi ikiwa kutu.

Kisha hupiga 787898, akitazama kama 8 imesimama mstari mmoja na wenzake na kama wino umekolea sawa juu na chini. Halafu hupiga Lang'at. 8 ikinyooka lakini ritifaa ikapanda mno, kosa si la lehemu. Ni skrubu ya kituo cha shifti. Fundi mwanagenzi hukimbilia moto tena.

Vipuri? Viwanda vya Imperial vilifungwa 1975. Kichwa hutolewa kwenye mashine mfu, tena si yoyote: ya herufi 10 kwa inchi haiazimani na ya herufi 12.

Martin Tytell wa New York, aliyefariki 2008, aliunda taipureta za lugha chungu nzima. Husimuliwa kwamba aliwahi kubandika herufi moja ya Kiburma kichwa chini, na kosa likazoeleka hata Burma kwenyewe. Hapa Sigor kosa kama hilo halitazoeleka. Geuza kichwa cha 8, na ekari 8 za mtu zinachapwa kama alama ya mkato.