Kituo au Mvunjo? Uhakiki wa Amri ya debugger katika JavaScript

Istilahi ya Kiingereza breakpoint imejengwa juu ya dhana ya kuvunja, na mfasiri anayeifuata neno kwa neno humpotosha mwanafunzi. Programu iliyofika hapo haivunjiki. Husita, vigeu vyote vikiwa na thamani zake, kisha huendelea kwa idhini ya mkaguzi. Neno kituo linafaa zaidi: Kiswahili kinalo katika uakifishaji, katika safari na katika ushairi, ambamo hutaja mshororo wa mwisho wa ubeti. Basi linalosimama kituoni Shelui, baada ya kuteremka Mlima Sekenke, halijavunja safari ya Nzega.

Kituo huwekwa kwa kubofya nambari ya mstari katika zana za kivinjari, au huandikwa ndani ya msimbo wenyewe kwa neno debugger, lililopewa hadhi ya amri kamili katika toleo la 5 la ECMAScript mwaka 2009. Ubora wa njia hii ya pili ni kwamba hukubali masharti yoyote ambayo lugha yenyewe inayakubali.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, fomu ya kujumlisha uzito wa alizeti inayopokelewa Shelui. Gunia la kilo 70 na la kilo 65 zinatoa jumla ya 7065. Amri ikiandikwa kwa sharti kwamba jumla imezidi 1000, programu husita penye kosa, wala haimsimamishi mkaguzi kwa mkulima mwenye gunia moja, ambaye hesabu yake huonekana sahihi. Hapo ndipo alama za mtajo zinazoizunguka 7065 huonekana: kilichosomwa kutoka kwenye fomu ni maandishi, na alama ya kujumlisha imeyaunganisha tu. Sharti lenyewe lisingeweza kufichua hilo, kwani JavaScript hugeuza maandishi kuwa namba inapoyalinganisha na namba.

Udhaifu upo. Zana zikiwa zimefungwa, amri haifanyi lolote; kwa hiyo husahaulika na kufika hadi kwa watumiaji. Chrome hutoa njia safi zaidi: amri debug katika konsoli, ikipewa fanksheni, huisimamisha kila inapoitwa bila kugusa faili, ingawa ukurasa ukipakiwa upya kituo hicho hupotea. Kasoro nzito zaidi ni ya wakati. Programu husita, lakini seva iliyo ng'ambo haisiti. Muda wa kusubiri jibu huweza kwisha, na kosa jipya likazaliwa na ukaguzi wenyewe.