Buibui wa Ufipa na Jicho la Mshairi

Katika ushairi wa mwambao, mdudu aghalabu huingia akiwa amebeba fundisho: siafu kwa umoja, nyuki kwa bidii, nzige kwa maangamizi. Buibui naye, kabla ya kuwa kiumbe, ni vazi. Si kosa, bali ni upungufu, nao hudhihirika mtu akiutazama uwanda wa juu wa Ufipa, baina ya maziwa Tanganyika na Rukwa.

Bonde la Rukwa ni miongoni mwa mazalio ya nzige wekundu, ambao kuanzia mwaka 1930 walienea hadi kusini mwa Afrika. Aliyedhuru akapata jina na kumbukumbu. Lakini amsakaye buibui adimu katika nyasi za milima ya Mbizi, juu ya Sumbawanga, hana budi kupiga magoti na kumtazama kabla ya kumpa maana. Nyasi hizo zikilimwa zote, kiumbe aishiye humo tu hutoweka, pengine hata kabla hajapewa jina.

Subira hiyo ndiyo inayokosekana katika tungo nyingi. Mshairi azihesabuye mizani nane za kila kipande hashindwi kuihesabu miguu minane ya buibui. Amwone kwanza, mfano utafuata.