Picha Bila Kuchana Nywele

Programu ya BeReal, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2020, huwapigia watu kengele mara moja kwa siku, kwa saa wasiyoijua. Mtu hupewa dakika 2 apige picha; kamera ya mbele na ya nyuma hufanya kazi pamoja, zikaonyesha uso wake na mahali alipo. Asiyetoa picha yake haoni za wenzake.

Uzuri wake uko wapi? Wazee wetu walikwenda studio wamevaa nguo za sikukuu, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa. Instagram imeigeuza kila siku kuwa sikukuu, na vijana wamechoka kuvaa. Hapa wanaruhusiwa kuonekana wakiosha sufuria.

Hata hivyo, hodi inayotaka jibu kwa dakika 2 ina amri ndani yake. Aliyechelewa huandikwa kuwa amechelewa, kama mwanafunzi langoni. Na mwaka 2024 kampuni ya Voodoo iliinunua kwa euro milioni 500: kumbe hata sufuria zetu chafu zina soko.

Nawasifu waliotupunguzia pambo. Lakini urafiki wa kweli, msomaji, huweza kunyamaza siku nzima usiulizwe kitu.