Wavu Unaosukwa kwa Hesabu

Fundi wa nyavu huujua wavu wake ukiwa mkavu. Huutandaza chini, huyakagua macho, hufunga vyelezo juu na minyororo chini. Meli ikishaushusha mita mia moja na kuanza kuukokota, hauoni tena. Huko chini milango miwili ya chuma imeachana ili kuutanua mdomo, kamba ya chini inasugua sakafu ya bahari, samaki wanachoka na kurudi nyuma hadi kwenye mfuko wa mwisho. Mvuvi wa juya ufukweni angalau huusikia mchanga kupitia kamba iliyo mikononi mwake. Nahodha wa meli ameunganishwa nao kwa nyaya mbili zilizokaza.

Ndiyo sababu nawastahi watu wanaousuka wavu huo upya ndani ya kompyuta.

Ugumu wa kwanza ni wingi. Wavu mkubwa una macho maelfu kwa maelfu, na ukitaka kuhesabu nguvu katika kila uzi, mashine inalemewa. Daniel Priour wa Ifremer, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa bahari, aliugawa wavu katika pembetatu, kila moja ikibeba macho mengi. Kitabu chake kuhusu mbinu hiyo kilitoka mwaka 2013. Sharti lake ni moja: ndani ya pembetatu moja, nyuzi za upande mmoja ziende sambamba, na macho yote yawe na umbo moja. Likikubaliwa, inatosha kujua zilipo ncha tatu ili kujua nyuzi zote zilizomo zimevutika kiasi gani. Kisha ncha husogezwa kidogo kidogo mpaka mvuto wa nyuzi, msukumo wa maji, uzito na vyelezo vitulizane. Hapo ndipo ninapobaki kutazama. Hakuna aliyeuchora wavu ule; umejitafutia wenyewe namna ya kukaa. Mfuko wa mwisho unavimba palipojaa samaki, na macho yaliyo mbele kidogo ya shehena yanafunguka wazi, palepale wanapopenya samaki wadogo.

Sakafu ya bahari ni kazi nyingine, tena ngumu kuliko maji. Mchanga hushikana kwa msuguano wa chembe zake, nao huyaachia maji upesi. Udongo wa mfinyanzi huyang'ang'ania. Kwa hiyo kila mmoja huhitaji hesabu yake. Ana Ivanović wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, na mtafiti wa uvuvi Barry O'Neill hawakuanza na wavu mzima. Walichukua kiungo kimoja kimoja cha zana, kama uzito wa chuma unaoburutwa, wakauliza kinazama kiasi gani na kinavutwa kwa nguvu gani. Katika hesabu za aina hii udongo hukatwa vipande vidogo, na chuma kikipita vipande hivyo hupindana hata hesabu ikasimama njiani. Mtu hurudi, akavipanga upya, akaanza tena.

Tope nalo halipuuzwi. O'Neill na mwenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba kadiri kifaa kinavyokinzana na maji, ndivyo kinavyotimua mashapo mengi zaidi nyuma yake. Nilipolisoma hilo niliiona milango kwa jicho jingine, kwa sababu wingu la tope linaloinuka nyuma yake huwaswaga samaki kuelekea mdomoni. Anayetaka kulipunguza kwa ajili ya viumbe wa chini anaigusa pia riziki ya mvuvi, na mfano mzuri wa kompyuta humwonyesha yote mawili kabla chuma hakijakatwa.

Mwaka huohuo, Ivanović na O'Neill pamoja na mwenzao walichapisha ulinganisho wa hesabu zao na majaribio ya baharini. Kifaa kilichokokotwa kwenye kompyuta kilikokotwa pia kwenye sakafu halisi, kisha vipimo vya pande mbili vikawekwa pamoja. Katika kazi hii, vipimo vikiachana, mtu huirudia tabia ya mchanga aliyoikadiria, akairekebisha, akakokota tena.