Skurubu Inayoteleza

Shangazi yangu aliteleza bafuni, alfajiri, akienda kutawadha. Mwenyewe hushikilia kwamba hakuanguka, alikaa chini tu. Lakini alipotaka kuinuka mguu wa kushoto ulikataa, na tuliomkuta tuliona jambo ambalo leo naweza kulitambua nikiwa mlangoni: mguu ulikuwa umefupika, na vidole vimegeukia nje. Daktari alimwangalia akiwa bado kwenye machela, akasema neno moja: "Nyonga." Picha ya eksirei ilikuja kuthibitisha tu.

Mitaani tunasema "amewekewa vyuma", basi, kana kwamba vyuma hutiwa mwilini kama sarafu mfukoni. Nami nilisema hivyo mpaka siku nilipomwomba yule daktari bingwa wa mifupa anieleze alichokifanya. Alichukua karatasi akachora fupaja.

Fupaja halisimami kama nguzo. Kwa juu hujikunja kuingia ndani, likawa na shingo, kisha kichwa cha mviringo kilichokaa kwenye kikombe cha nyonga. Kwa hiyo uzito wa mwili haushuki wima; huelemea ile shingo kama mzigo ulioning'inizwa kwenye tawi. Damu inayolisha kichwa nayo, kwa sehemu kubwa, hupandia hapo hapo. Ndiyo maana shingo ikivunjika na kuhama, kichwa chaweza kufa, na kwa mzee mara nyingi hutolewa kikawekwa cha chuma. Shangazi alivunjikia chini kidogo ya shingo, mahali penye damu tele. Mfupa wa hapo huunga hata ukiachwa, ila huunga kombo, na mzee atakuwa amelala wiki nyingi akisubiri: vidonda vya mgongo, nimonia, damu kuganda miguuni. Wengi huondoka kwa hayo, si kwa mfupa.

Huko Boston, mwaka 1925, Marius Smith-Petersen, mzaliwa wa Norway, alianza kupigilia msumari wenye mbawa tatu ili kichwa cha fupaja kisizunguke. Mwaka 1932 Sven Johansson wa Sweden akaeleza msumari wenye tundu katikati, upite juu ya waya mwembamba uliotangulizwa. Kwangu mimi huo waya ndio moyo wa ufundi huu. Ukienda upande unachomolewa na kurudishwa, mara tatu, mara tano, na mfupa haudhuriki sana. Skurubu nene ikishapita, hakuna kurudi.

Kabla ya waya kuna kazi isiyotoa hata tone la damu. Mgonjwa hulazwa kwenye meza maalumu, mguu ukavutwa, kisha ukageuzwa taratibu kuelekea ndani, huku picha zikipigwa kwa mbele na kwa ubavuni mpaka vipande vikae. "Nikikosea hapa," alisema, "skurubu haitaniokoa." Halafu keekee. Ikipita kwenye gamba gumu la mfupa hulia. Ikifika ndani, penye vitundu kama sifongo, sauti hulegea. Umbali wa ncha ya skurubu hadi kilele cha kichwa hupimwa kwenye picha zote mbili ukajumlishwa, na tangu utafiti wa Baumgaertner wa mwaka 1995 madaktari hujitahidi jumla isizidi milimita 25. Ikizidi, uwezekano wa skurubu kutoboa kichwa na kutokeza nje unapanda.

Lakini kilichonishangaza hasa ni kingine. Misumari ya zamani iliyofungwa kwenye bamba ilikuwa migumu, haisogei. Mfupa uliovunjika nao husogea: unapoanza kupona, vipande hukaribiana. Chuma kilipokataa kufuata, kilikatika au kilichana kichwa cha mfupa. Mafundi wa mtepe wa pwani yetu wangewaelewa waliokuja kulitatua hilo, maana wao walishona mbao kwa kamba za makumbi ili chombo kijinyumbue kikipigwa na wimbi. Jawabu likawa skurubu yenye shina laini, linaloingia ndani ya mwanzi wa bamba lililofungwa ubavuni mwa fupaja, mara nyingi kwa pembe ya digrii 135. Mgonjwa akikanyaga, shina hurudi nyuma ndani ya mwanzi, na vipande vikabanana. Fundi huelekeza njia tu. Anayekaza ni mgonjwa, kwa miguu yake.

Si kila chumba cha upasuaji kina mashine ya eksirei ya kutazamia wakati wa kazi. Lewis Zirkle, daktari wa Marekani, aliliona hilo, na mwaka 1999 akaanzisha SIGN, shirika linalotoa misumari ya kupitishwa ndani ya mfupa na kufungwa bila picha. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni miongoni mwa wanaoitumia. Daktari huchomeka kifaa chembamba kupitia tundu alilotoboa kwenye mfupa, akakitikisa, akasikiliza kwa vidole mpaka kinase kwenye mwanya wa msumari. Nimewahi kuona seremala kipofu akitafuta tundu la bawaba kwa namna hiyo.

Shangazi alisubiri siku kumi na moja kabla ya kupasuliwa, kwa sababu skurubu ya saizi yake haikuwapo stoo. Sijasahau, na sijasamehe. Siku ya pili baada ya upasuaji walimsimamisha na fremu ya kutembelea, akilalamika kwa jina la kila nabii aliyemjua.

Picha ya mwezi wa tatu ilionyesha skurubu imerudi nyuma milimita nane. Niliingiwa na hofu nikamwonyesha daktari kwa kidole. Aliitazama, akairudisha kwenye bahasha. "Imefanya kazi yake," alisema, akamwita mgonjwa mwingine.