Pongezi kwa Mafundi wa Argo
Argo, gari linaloundwa Ontario, Kanada, hupita matopeni na kuelea ziwani kwa magurudumu yaleyale, sita au manane. Hugeuka kwa kuzuia magurudumu ya upande mmoja. Nawapongeza kwa moyo mafundi wanaopanga upya uzito wake. Mzigo ukizidi nyuma, tezi huzama, omo huinuka, na maji huukaribia ukingo. Mawimbi kidogo tu, yameingia. Fundi mzuri hakimbilii injini kubwa zaidi. Huhamisha betri, hushusha vitu vizito sakafuni, kisha huliingiza gari kwenye maji ya kina kifupi, abiria wakiwemo, na kulinganisha kimo cha ukingo mbele na nyuma. Akiona tofauti, huanza tena. Uvumilivu huo ni ufundi halisi. Wenye magari haya, walipeni vizuri.